Shule Iliyotoka Kitabuni: Rugby ya Thomas Hughes na Rugby ya Kweli

Mwezi Aprili 1857, kampuni ya uchapishaji ya Macmillan ilitoa riwaya isiyo na jina la mtunzi. Pale ambapo jina lingekaa paliandikwa tu kwamba kitabu ni cha mwanafunzi wa zamani. Riwaya hiyo, Tom Brown's School Days, yaani Siku za Shule za Tom Brown, ilinunuliwa kwa kasi ikabidi ichapwe tena na tena ndani ya mwaka huohuo, na siri ya mtunzi haikudumu: alikuwa Thomas Hughes, wakili wa London mwenye umri wa miaka 34, ambaye hakuwa ametunga riwaya kabla ya hapo. Shule inayosimuliwa haikufichwa hata kidogo. Ni Rugby, iliyoko katika mji wa jina hilohilo huko Warwickshire, katikati ya Uingereza, na mwalimu mkuu ambaye kitabuni huitwa "Daktari" ni Thomas Arnold, mtu wa kweli kabisa, aliyeiongoza shule hiyo tangu mwaka 1828 hadi kifo kilipomkuta mwaka 1842.

Hapo ndipo fundo lilipo. Kwa kuwa shule ni ya kweli, mwalimu ni wa kweli na mtunzi alisoma hapo kweli, vizazi vya wasomaji vimekipokea kitabu hiki kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo, na picha ya Arnold iliyoenea duniani kwa sehemu kubwa ni picha iliyochorwa na Hughes. Lakini riwaya si hati ya mahakama, hata mtunzi wake awe wakili. Anayetaka kujua ni kipi hasa kilitokea Rugby, na ni kipi kilitungwa miaka 15 baada ya mtunzi kuondoka, hana budi kuanza na mtoto aliyekuwa akitazama na mahali aliposimama alipokuwa akitazama.

Hughes alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1822 katika kijiji cha Uffington, chini ya mlima ambao ubavuni mwake watu wa kale walichonga umbo la farasi mkubwa mweupe katika chokaa. Sura za mwanzo za riwaya zinakaa hapo kwa muda mrefu, pamoja na michezo ya sikukuu za kijiji na wazee wa shamba, kiasi kwamba msomaji wa leo asiye na subira huweza kukifunga kitabu kabla Tom hajafika shuleni. Angekosea. Kwa Hughes, kijiji ndicho kipimo cha kila kitu kinachofuata: baba yake Tom ni mwenye ardhi wa kawaida, anayeheshimiwa na jirani zake na asiye na makuu, na maadili atakayoyatafuta Tom shuleni ni yaleyale aliyoyaona kwao. Baada ya shule ya maandalizi ya Twyford, karibu na Winchester, Hughes alipelekwa Rugby mapema mwaka 1834, akiwa na umri wa miaka 11, pamoja na kaka yake George. Alikaa huko hadi mwaka 1842 alipokwenda kujiunga na Chuo cha Oriel, Oxford.

Alikuwa mwanafunzi wa namna gani? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Arnold alikuwa na wanafunzi wake wa ndani, vijana wenye akili kali waliokaa naye chumbani mwake wakijadili historia na imani, kama vile Arthur Stanley, aliyekuja kuandika wasifu wa Arnold mwaka 1844, na mshairi Arthur Hugh Clough. Hughes hakuwa mmoja wao. Aling'ara zaidi uwanjani kuliko darasani. Alipofika Oxford alichezea timu ya kriketi ya chuo kikuu dhidi ya Cambridge mwaka 1842. Alilala katika bweni la Arnold mwenyewe, akamsikiliza kila Jumapili akihubiri katika kanisa la shule, lakini alimtazama kwa mbali, kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayemwogopa na kumpenda kwa pamoja. Kwa hiyo Arnold wa riwaya ni Arnold aonekanavyo kutoka uwanjani na kutoka benchi la nyuma la kanisa. Hughes hakudanganya, alieleza alichokiona, na alichokiona kilikuwa sehemu tu.

Jina la shule za aina hii nalo limewapoteza wengi. Waingereza huziita "shule za umma", na msomaji wa Kiswahili akisikia hivyo hudhani ni shule za serikali zisizo na ada. Ni kinyume kabisa. Zilikuwa, na bado ni, shule za bweni za kulipia, nyingi zikiwa za gharama kubwa. Ziliitwa za umma kwa sababu zilimpokea mtoto wa mzazi yeyote anayeweza kulipa, kutoka popote nchini, tofauti na mtoto aliyefundishwa nyumbani na mwalimu wa familia. Rugby yenyewe ilianzishwa mwaka 1567 kwa wosia wa Lawrence Sheriff, mfanyabiashara wa vyakula na viungo wa London, na nia yake ilikuwa kuwasomesha watoto wa mji wake wa nyumbani. Kadiri miaka ilivyopita, shule ya watoto wa mji ikageuka shule ya watoto wa wenye ardhi, makasisi na maofisa kutoka kila upande.

Shule hizo kabla ya Arnold hazikuwa mahali pa amani. Walimu walikuwa wachache, wavulana walikuwa mamia, na muda mwingi nje ya darasa walijitawala wenyewe kwa sheria ya mwenye nguvu. Rugby iliwahi kushuhudia uasi kamili mwaka 1797: wanafunzi waliupasua kwa baruti mlango wa mwalimu mkuu, wakachoma moto vitabu na madawati, hadi askari wakaitwa kuwadhibiti. Msomaji wa riwaya anayeshtushwa na ukatili wa mabwenini na akumbuke kwamba Hughes anaeleza shule ambayo tayari ilikuwa imetulizwa.

Arnold aliitulizaje? Riwaya inatoa hisia kwamba ilikuwa kwa nguvu ya nafsi yake tu: sauti yake kanisani, macho yake, ukimya wake. Hisia hiyo si ya uongo, lakini nyuma yake kulikuwa na utaratibu. Arnold alichukua daraja la mwisho la shule, yaani wavulana wakubwa wa darasa la juu kabisa, akawakabidhi mamlaka ya kulinda nidhamu, akawafundisha mwenyewe, na akawachukulia kama washirika wake katika uongozi. Hakubuni cheo cha kiranja. Kilikuwapo tayari, na yeye mwenyewe alikiona alipokuwa mwanafunzi Winchester. Alichokifanya ni kukipa maana ya kidini, kwamba kiranja hatawali kwa faida yake bali anatoa hesabu kwa mwalimu wake na kwa Mungu. Aliongeza mishahara ya walimu na kuwapa wajibu wa kulea mabweni, akachukua ukasisi wa shule mikononi mwake, akaipa nafasi zaidi historia ya nyakati za karibuni, Kifaransa na hesabu. Na pale mvulana alipoonekana kuharibu wengine, alimwondoa bila kusita, hata kama hakuwa na kosa moja kubwa la kuandikwa. Wazazi walipolalamika, aliwaambia wavulana kwamba si lazima Rugby iwe shule ya wavulana 300, au 100, au hata 50, lakini ni lazima iwe shule ya waungwana wa Kikristo.

Palikuwa na desturi moja ambayo hakuifuta, nayo ndiyo inayobeba nusu ya kwanza ya riwaya: wadogo kuwatumikia wakubwa. Kila mvulana wa madarasa ya chini alikuwa na mkubwa wake wa darasa la mwisho, na mdogo huyo ndiye aliyemfagilia mkubwa chumba, akamchomea mkate motoni, akamkimbilia sokoni, na akasimama juani kurudisha mipira mkubwa huyo alipojifunza kupiga kriketi. Arnold aliitetea desturi hiyo kwa maandishi mwaka 1835. Hoja yake ilikuwa kwamba wavulana wakiishi pamoja bila watu wazima, lazima wenye nguvu watawatawala wanyonge. Basi afadhali nguvu hiyo iwe mikononi mwa wakubwa wachache waliochaguliwa kwa masomo na wanaosimamiwa, kuliko iachwe kwa yeyote mwenye mabavu. Riwaya inaifuata hoja hii kwa uaminifu mkubwa. Mwonevu wake mkuu, Flashman, si kiranja. Ni mvulana wa daraja la tano, lililo chini ya lile la mwisho, mwenye mwili mkubwa na pesa, ambaye kisheria hana haki ya kutumikiwa na mtu. Tom na rafiki yake Harry East wanapogoma kumtumikia, hawaasi utaratibu wa shule; wanaulinda dhidi ya mtu anayeupora. Wengi wanaokisoma kitabu haraka huikosa tofauti hii, wakadhani Hughes analaani mfumo mzima.

Msomaji aliyepitia shule ya bweni Afrika Mashariki hatahitaji kuelezwa sana habari hizi. Mgeni aliyeitwa njuka na kuamrishwa kutandika kitanda cha kaka wa kidato cha juu, viranja wenye mamlaka ya kuadhibu, mabweni yanayoshindana kwa vikombe, kengele, foleni na michezo ya lazima, vyote hivyo vina ukoo unaofika Uingereza ya karne ya 19. Shule kama King's College Budo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1906, Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, na Alliance ya Kikuyu, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1926, ziliendeshwa mwanzoni na watu waliolelewa katika mila hizo, na waliokuja na kile walichokijua. Wavulana wa Rugby walikuwa hata na kile ambacho wanafunzi wa vyuo vya Tanzania hukiita madesa: riwaya inaeleza jinsi kila mwaka wanafunzi walivyorithishana madaftari ya tungo za zamani za Kilatini na Kiyunani ili wasitunge wenyewe, na jinsi tafsiri zilizopigwa marufuku zilivyopita mkono kwa mkono.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Tom anawasili kwa gari la farasi baada ya safari ya usiku wa baridi, anapokewa na East, na siku hiyohiyo anaingizwa katika mechi ya mpira ambamo bweni lake linapambana na shule nzima iliyobaki. Mwishoni anajitupa juu ya mpira, anafunikwa na rundo la miili, na anaamka akiwa shujaa mdogo. Inafuata vita na Flashman. Usiku Tom anarushwa juu kwa blanketi, na siku nyingine, kwa kukataa kuuza tiketi ya bahati nasibu ya mbio za farasi, anashikiliwa mbele ya moto wa bwenini hadi anaungua na kuzimia. Flashman hatimaye anafukuzwa, si kwa ukatili huo bali kwa kukutwa amelewa. Kisha hadithi inageuka. Tom na East, wakiwa huru, wanakuwa watundu wasiofaa, na Daktari, badala ya kuwafukuza, anamkabidhi Tom mvulana mgeni, dhaifu, mwana wa kasisi aliyefariki, aitwaye George Arthur. Usiku wa kwanza Arthur anapiga magoti kando ya kitanda na kusali mbele ya chumba kizima. Anatupiwa kiatu, na Tom anamrudishia aliyetupa. Kesho yake Tom naye anapiga magoti, jambo aliloliacha tangu alipofika. Kuanzia hapo ni kitabu kingine, chenye sala, homa, mazungumzo marefu kuhusu Biblia na dhamiri, na sherehe ya mwisho ya kriketi ambamo Tom ni nahodha.

Mgawanyiko huo wa kitabu una sababu zake katika maisha ya mtunzi. Hughes alianza kuandika kwa ajili ya mwanawe Maurice, aliyekuwa na umri wa miaka minane na ambaye muda wake wa kupelekwa shule ulikuwa umekaribia. Alitaka kumwambia mambo ambayo baba hushindwa kuyasema kinywa kwa kinywa. Akiwa katikati ya kazi, mwaka 1856, binti yake Evie alifariki kwa homa. Kalamu ilisimama kwa muda. Mimi siwezi kuzisoma sura za ugonjwa wa Arthur, na kitanda kile kando ya dirisha, bila kumwona baba aliyerudi mezani kwake akiwa mtu mwingine. Maurice naye hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki mwaka 1859.

Je, Tom ndiye Hughes? Mwenyewe alikataa. Jina Brown alilichagua kwa kuwa ni la kila mtu, na sura ya kwanza ni sifa ya ukoo wa akina Brown wote wa Uingereza, watu wa kawaida waliopigana na kulima bila kutajwa popote. Wengi wameona ndani ya Tom sura ya George, kaka aliyempita Thomas kwa mwaka mmoja na ambaye mdogo wake alimwandikia kitabu cha kumbukumbu mwaka 1873. Kuhusu Arthur, kwa muda mrefu watu walisema ni Stanley, lakini Stanley alimtangulia Hughes kwa umri wa takribani miaka saba na aliondoka Rugby mwaka uleule Hughes alipofika, kwa hiyo haiwezekani Hughes awe alimlea katika bweni. Ikiwa kuna kitu cha Stanley ndani ya Arthur, basi ni tabia na sifa zake zilizobaki zikisimuliwa. Mhusika anayetambulika bila shida ni mwalimu kijana anayeonekana katika sura inayotangulia ya mwisho, na ambaye ndiye anayemfichulia Tom kwamba kukabidhiwa Arthur ulikuwa mpango wa Daktari tangu mwanzo: huyo ni George Cotton, mwalimu wa Rugby, na tutakutana naye tena.

Tofauti kubwa kati ya kitabu na shule iko mahali pamoja, nayo ni mpangilio wa thamani. Arnold aliwaeleza viranja wake kwa maneno yasiyo na utata kile kinachotafutwa Rugby: kwanza, misingi ya dini na maadili, pili, mwenendo wa kiungwana, tatu, uwezo wa akili. Michezo haimo katika orodha. Aliivumilia, pengine aliifurahia kama mtu mwenye afya anavyofurahia watoto wakicheza, lakini hakuijengea falsafa. Sasa msikilize baba yake Tom katika riwaya, akiwaza usiku wa kuamkia safari ya mwanawe kwenda shuleni. Anasema hajali viambishi vya Kiyunani, wala mama yake hajali. Akirudi akiwa Mwingereza jasiri, mwenye kusaidia watu, msema kweli, muungwana na Mkristo, inatosha. Elimu ya akili, ambayo kwa Arnold ilikuwa ya tatu lakini ilikuwapo, imetoka mlangoni kimyakimya, na nafasi yake imechukuliwa na ujasiri. Na ujasiri wa Tom hujifunzwa wapi? Uwanjani, na katika pigano la ngumi na Slogger Williams nyuma ya kanisa, ambalo Hughes analisimulia kwa mapenzi makubwa na kisha kulifuatishia mahubiri mafupi ya kuwaambia wavulana wasikimbilie kupigana, ila wakipigana wapigane hadi mwisho.

Wahakiki waliliona hilo mapema. James Fitzjames Stephen, akiandika katika jarida la Edinburgh Review la Januari 1858, alisema Hughes hakumwelewa Arnold. Arnold halisi, kwa maoni yake, alikuwa mtu mkavu asiye na mzaha, na vijana waliotoka mikononi mwake walijichukulia kwa uzito kupita kiasi. Si wale wavulana wachangamfu, wenye mikono mikakamavu, wanaojaa katika kurasa za riwaya. Wengine walilalamika kwamba kitabu kinahubiri mno. Hughes aliwajibu katika dibaji ya toleo la sita bila kujitetea sana: alikiri kwamba kuhubiri ndilo lililokuwa kusudi lake lote la kuandika, na kwamba mtu mwenye kazi nyingi za kutafuta riziki hatatumia likizo yake kutunga hadithi kwa ajili ya kuchekesha watu tu. Jibu hilo ni la haki, na ni lazima tulichukue kwa dhati tunapotaka kujua kitabu hiki ni nini. Mahubiri hayo yalitoka kwa mtu aliyekuwa tayari mwanaharakati: pamoja na mwanatheolojia Frederick Denison Maurice na mwandishi Charles Kingsley, Hughes alikuwa katika kundi la wasoshalisti wa Kikristo waliotetea vyama vya ushirika na waliofungua Chuo cha Wafanyakazi cha London mwaka 1854, ambako Hughes, kulingana na vipaji vyake, alifundisha ndondi. Imani yao kwamba mwili wenye nguvu ni zana ya kumtumikia Mungu na mnyonge ilipewa na magazeti, mwaka uleule wa 1857, jina la kejeli la Ukristo wa misuli. Arnold hakuwahi kulisikia. Alikuwa kaburini kwa miaka 15.

Kuna Arnold mwingine ambaye riwaya haikumhitaji. Alikuwa mwanahistoria wa Roma, mpiganaji mkali katika mabishano ya Kanisa la Uingereza, na katika mwaka wake wa mwisho profesa wa historia Oxford. Alikuwa pia mtu wa hasira. Mapema katika uongozi wake alimchapa mvulana mmoja fimbo 18 akiamini amemdanganya kuhusu sehemu ya masomo waliyofikia. Ikabainika baadaye kwamba mvulana alisema kweli na kwamba hakuwa na afya ya kuhimili adhabu hiyo. Arnold aliomba radhi mbele ya shule, na magazeti yaliyompinga kisiasa hayakumsamehe. Daktari wa riwaya hakosei namna hiyo. Anajua yote, anapanga kwa siri, na hukumu yake hugeuka kuwa rehema kila mara. Hughes alikuwa mwanafunzi mwaminifu, na alimwandikia mwalimu wake sura ya mwisho inayofaa: Tom, akiwa mwanafunzi wa Oxford, anavua samaki Uskoti wakati wa kiangazi cha 1842 anapopata habari katika gazeti la zamani kwamba Daktari amefariki. Anarudi Rugby peke yake, anafunguliwa kanisa tupu, anakaa kwanza mahali pake pa zamani, kisha anapiga magoti juu ya kaburi lililo chini ya altare. Arnold alifariki kweli tarehe 12 Juni mwaka huo, siku moja kabla ya kutimiza miaka 47.

Kitabu kilipokwisha kuondoka mikononi mwa mtunzi, kilianza kazi yake mwenyewe. Ibada ya michezo iliyozikumba shule za Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 19 haikuanzishwa na Arnold. Ilibebwa na watu waliopita chini yake au waliomrithi. Cotton, yule mwalimu kijana wa riwaya, alikwenda kuiongoza shule ya Marlborough mwaka 1852, akaikuta katika vurugu, na akatumia michezo iliyopangwa ili kuwabakiza wavulana ndani ya mipaka ya shule. Riwaya ilikuja miaka mitano baadaye na kuipa desturi hiyo mpya baraka ya jina la Arnold. Mzazi aliyeisoma na kisha kumpeleka mwanawe katika shule yoyote alitarajia kuikuta Rugby ya Tom, na walimu wakuu wenye busara ya biashara hawakumnyima.

Mfano ulio wazi kupita yote ni Mfaransa Pierre de Coubertin. Aliisoma hadithi ya Tom katika tafsiri ya Kifaransa akiwa mtoto, na alipokuwa kijana alizuru Rugby, akasimama mbele ya kaburi lilelile ambalo Tom alipigia magoti. Aliondoka akiwa amesadiki kwamba Arnold ndiye baba wa elimu kupitia michezo, akalitangaza hilo kwa miaka mingi, na akalifanya moja ya nguzo za hoja yake ya kuifufua Michezo ya Olimpiki. Michezo hiyo ilifunguliwa Athens tarehe 6 Aprili 1896. Ukiichunguza hoja hiyo utamkuta ndani yake Hughes zaidi ya Arnold.

Flashman naye hakubaki kitabuni. Baada ya kufukuzwa, Hughes hamtaji tena kwa lolote la maana. Lakini mwaka 1969 mwandishi George MacDonald Fraser alimfufua, akamfanya afisa wa jeshi mwoga, mzinzi na mwongo anayepanda vyeo katika vita za dola ya Waingereza kila anapokimbia. Mfululizo huo wa vitabu ulidumu kwa miongo, na leo wapo wanaomjua Flashman wasiojua kwamba alianza kama mvulana anayechoma wadogo mbele ya moto. East, yule rafiki wa Tom, kwa Hughes mwenyewe anaishia katika jeshi India, na hilo linasemwa kwa kupita tu, kana kwamba ni jambo la kawaida kwa kijana kutoka uwanja wa shule kwenda kutawala nchi ya watu. Kwa wasomaji wa 1857, mwaka wa maasi makubwa ya India, halikuhitaji maelezo.

Mwaka 1895 chama cha wanafunzi wa zamani wa Rugby kiliunda kamati ya kuchunguza asili ya mchezo wa raga. Ilikuwa imeanza kusimuliwa kwamba mwaka 1823 mvulana aitwaye William Webb Ellis aliudaka mpira na, kinyume cha sheria za wakati huo, akaukimbiza mikononi, na hivyo mchezo ukazaliwa. Kamati iliwaandikia wazee waliokuwa hai, Hughes akiwamo. Hakuna Mwingereza aliyeupa mchezo huo sifa kuliko yeye. Angeweza kuibariki hadithi hiyo. Alijibu kama wakili na jaji, kazi aliyoifanya katika miaka yake ya mwisho: kwamba habari za Webb Ellis hazikuwa zimebaki katika enzi zake, kwamba mwaka 1834 kukimbia na mpira hakukukatazwa moja kwa moja, ila kama mvulana angeuawa katika kufanya hivyo, baraza la wavulana wa Rugby kwa hakika lingeamua kwamba wauaji walikuwa na haki, na kwamba desturi hiyo ilikubalika polepole, baada ya mvulana mmoja mwenye nguvu na mbio kuifanya ipendwe mwishoni mwa miaka ya 1830. Hughes alifariki tarehe 22 Machi 1896, kabla ya taarifa ya kamati kutolewa. Shule iliweka jiwe la kumkumbuka Webb Ellis kwa kuzipuuza sheria za mchezo za wakati wake na kukimbia na mpira, na kombe la dunia la raga, tangu mashindano ya kwanza ya 1987, linaitwa kwa jina lake.